Jiwe la Sikio

Kila Jumanne Wagia aliondoa nguo kwenye kamba kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu risasi zilikuwa zinatoboa mashuka, na shuka lililotobolewa na risasi halishoneki likakaa sawa. Kisha alimenya viazi vitamu na boga, akakuna nazi tatu, akabandika sufuria kubwa, ile ya watu kumi na wawili. Wachimba kaburi wangekuja kula saa kumi, na wachimba kaburi hawali kidogo.

Mumewe, Jomen, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango akinywa chai.

"Leo sipulizi," alisema.

"Haya."

"Nakwambia kweli, mama Etta. Leo hata zije ndege kumi, sipulizi."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo. Ukimaliza hicho kikombe kioshe, mimi sina mikono minne."

Jomen akakiosha kikombe, akakifunika kwenye rafu. Saa nne na dakika kumi ndege ikatokea kaskazini, moja tu, imeinama chini juu ya miamba. Jomen aliitazama miguu yake kwa kuudhika, maana ilikwisha kusimama kabla hajaiambia kitu. Akalitungua baragumu la kombe, ambalo wenyewe wanaliita bu, akakimbia nalo hadi mchangani, akalipuliza mara tatu. Halafu akakumbuka, kama anavyokumbuka siku zote, akiwa amechelewa. Akavua kofia na kuanza kuipunga, akiufokea ufuo uliokuwa mtupu urudi mitini. Palikuwa na mbwa mmoja tu, naye alikuwa mitini tayari. Ndege ikapiga, ikazunguka mwamba, ikarudi ilikotoka.

Wagia alikuwa anakoroga sufuria wakati kaka yake, Asai, alipofika mlangoni ameishika kofia kifuani. Katika kisiwa cha Kuzi, mtu akifa, watu wake hawagusi kitu. Mashemeji zake ndio wanaoleta habari, wanaomwosha, wanaochimba na kuzika, na hawapewi chochote ila chakula mpaka siku jiwe la kaburi linapofunuliwa.

"Dada," Asai alisema, "nimekuletea habari nzito. Shemeji hatunaye."

"Najua, kaka. Nimesikia."

"Hutakiwi kujua mpaka nikwambie."

"Basi sijui. Niambie."

"Nimeshakwambia!"

"Basi nalia," Wagia akasema, na akalia kweli, kidogo, kama kila Jumanne, kisha akakasirika kwa sababu ya kulia. Mwiko ulikuwa bado mkononi.

Asai alikuwa na miaka hamsini na sita na mgongo mbovu. Kaburi lile alikwisha kulichimba mara mia tisa na themanini na kitu. Mchanga wake sasa ulikuwa laini kama unga, na hiyo ndiyo nafuu pekee aliyoipata, kwani Jomen alikufa akiwa na miaka thelathini na moja, mpiga mbizi wa lulu, mtu wa kifua, na hakuwahi kupungua hata ratili moja.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa arobaini na mbili, vita vilipofika huko. Serikali ilikuwa imeleta amri kwamba mwenye kuona ndege atoe ishara. Haikuleta kengele wala king'ora, ilileta amri peke yake. Kisiwani hapakuwa na kitu cha kupiga kelele isipokuwa bu, na bu lilikuwa na maana moja tangu enzi za mababu: boti imefika, ina wageni au ina kasa, teremkeni pwani. Jomen alipoiona ndege alilipuliza kwa nguvu zake zote, kama alivyoamriwa, na Kuzi nzima ikateremka pwani imevaa nguo safi, watoto mbele. Alipoona alichokifanya alikimbia mchangani akipunga kofia, akawarudisha mitini mmoja mmoja, wengine kwa makofi. Wote walifika. Aliyebaki nje ni yeye na kofia yake.

Wakamzika, naye akatulia kaburini siku tisa kama mtu yeyote mwenye adabu. Siku ya kumi boti ikaleta taarifa ya serikali, mwalimu akaisoma kanisani: ndege moja ya adui ilikishambulia kisiwa cha Kuzi, tangi moja la maji la serikali lilitobolewa, hakuna aliyedhurika. Watu wakatazamana. Kesho yake asubuhi Jomen alitokea upande wa makaburini ana mchanga kichwani, akauliza kwa nini chai ni ya baridi. Jumanne iliyofuata ndege nayo ikarudi, dakika ile ile. Tangu hapo akawa anakufa Jumanne na kurudi Jumatano. Kasisi alimshukuru Mungu kwamba anarudi siku ya pili na si ya tatu, la sivyo angelazimika kumwandikia askofu.

Aka Tabitha, bibi wa wote pale, ndiye aliyeligundua jambo la tangi. Tangi lilikuwa katikati ya njia ya risasi, lakini tangu liandikwe kwenye taarifa halikupata hata mkwaruzo. Risasi zikilikaribia zilikata kona. Kina mama walizoea kuwaweka watoto nyuma yake siku ya Jumanne.

"Kilichoandikwa kimepumzika," Aka Tabitha alisema. "Ambacho hakikuandikwa bado kinatendeka. Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo hayo."

Walijaribu njia nyingine pia, isisemwe walikaa tu. Mwaka wa arobaini na nne walimfungia Jomen jikoni, wakaweka gogo mlangoni. Risasi zikapinda zikaingia jikoni, zikamuua yeye na kuku wawili. Kuku hao hawakurudi. Wagia akasema kama ni hivyo heri afie nje.

Vita vikaisha, ndege haikuisha. Rubani naye alizeeka humo humo ndani. Kufikia mwaka wa hamsini na tano alikuwa na mvi na miwani, na akishapiga alikuwa anainua mkono mmoja kidogo, kama mtu aliyekukanyaga mguu sokoni. Aka Tabitha alikisia kwamba naye huko kwao aliandikwa vibaya. Asai hakumhurumia. "Wanasema aliye juu mngoje chini," alisema. "Mimi huyu nimemngoja miaka kumi na tisa. Hashuki!"

Wagia aliandika barua. Aliandika barua thelathini na moja kwa ofisi iliyosimamia visiwa, ile iliyotoa kibali cha mtu kupanda boti, kibali cha kuoa na kibali cha kupiga ngoma baada ya saa mbili usiku. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, kwamba kumbukumbu za siku hiyo zinaonyesha hakuna aliyedhurika. Mara moja walimtumia na kijitabu cha kutunza matangi ya maji.

Angeweza kuvumilia. Mtu huzoea. Lakini Etta, binti yake, ambaye mwaka ule wa kwanza alikuwa mchanga wa miezi mitatu, sasa alikuwa na miaka kumi na tisa na mchumba. Nyumba yenye kaburi lisilo na jiwe haipigi ngoma, na arusi isiyo na ngoma pale si arusi, ni kuhama tu. Mchonga mawe wa kisiwa kikubwa hakukubali kuchonga jina bila cheti cha kifo, na cheti kilitoka ofisi ile ile. Mchumba, Elami, alikuwa ameandikishwa kwenda bara kutandika reli, na boti yake ilikuwa ya mwisho wa Agosti. Mama yake Elami alikuja kuketi kwa Wagia, akanywa chai vikombe viwili, ndipo akasema lake.

"Mwenzangu, nimesubiri miaka miwili. Sitazeeka nikimsubiri marehemu asiyejua kufa."

"Anajua sana," Wagia akajibu. "Kama kuna mtu anajua kufa hapa duniani ni huyu. Wasiojua kuandika ndio hao wengine."

Jioni ile Etta aliandika barua ya thelathini na mbili mwenyewe. Hakumtaja baba yake hata kwa herufi. Aliandika kwamba tangi la maji la serikali liko hatarini kupigwa risasi. Afisa akafika ndani ya wiki mbili.

Aliitwa Bwana Pettifer, mtu mrefu wa soksi nyeupe zilizopanda magoti, si mtu mbaya. Alifika Jumatatu, akalizunguka tangi, akaligonga kwa kalamu, akaridhika. Jomen alimsaidia kubeba mkoba. Jumanne asubuhi Wagia na Etta walimketisha kwenye handaki la zamani karibu na ufuo, wakampa kiti na mwavuli, Etta akakaa pembeni yake ahakikishe kwamba mgeni anaona.

Saa nne na dakika kumi aliona yote. Alisikia bu likipulizwa, akaona kofia ikipungwa. Ndege ilipoinama, Bwana Pettifer alisimama wima ili aone kama tangi li salama, na risasi iliyokata kona kulikwepa tangi ikachukua ncha ya sikio lake la kushoto.

"Kaa chini, Bwana!" Etta akamvuta kwa soksi.

Asai alikuja na kofia kifuani, akasimama katikati asijue aanze na nani. Akaanza na Wagia. Halafu akamgeukia mgeni. "Bwana, huku kwetu una shemeji?"

"Sina," Bwana Pettifer alisema, ameshikilia leso.

"Nilijua," Asai akasema, akapiga magoti mchangani kukitafuta kipande cha sikio. Alikiosha kile kipande, akakiweka ndani ya kopo la tumbaku, akakizika kando ya Jomen kwa sala kamili, maana kitu cha mtu ni kitu cha mtu. Mgongo ukamkaza akashindwa kuinuka mpaka wakamwinua.

Jioni, amefungwa bendeji, Bwana Pettifer alitoa fomu kwenye mkoba. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Aliandika habari za sikio lake kwa mistari saba. Wagia alisimama nyuma ya kiti chake mpaka akamaliza.

"Sasa mwandike Jomen."

"Mama, fomu ina sehemu tatu," akasema. "Askari, Wazungu, na mali ya serikali."

"Basi mwandike mali ya serikali. Mnatupa kibali cha kupanda boti, mnatupa kibali cha kuoana, mnatuambia mwisho wa ngoma ni saa ngapi. Sisi ni mali ya nani kama si yenu?"

Bwana Pettifer alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu. "Mali lazima iwe na namba," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya na alikuwa ameona damu kwa macho yake, akaigeuza fomu na kuonyesha chini kabisa, palipoandikwa Mengineyo. "Hapa nitamwandika. Lakini kifo hakithibitishwi siku ile ile, kanuni inataka usiku mmoja upite. Kesho asubuhi, nikiamka tu."

"Kesho hapana! Andika leo," Wagia akasema. "Nakuomba. Nakusihi, Bwana. Leo amekufa, kesho hajafa."

"Kanuni ni kanuni, mama. Usiku mmoja."

Wagia alitaka kumpiga na mwiko. Hakumpiga. Alikwenda nyuma ya nyumba akayapiga teke magunia ya nazi mpaka kidole cha mguu kikavimba.

Jumatano alfajiri Bwana Pettifer alifunguliwa mlango na Jomen, ana mchanga kichwani, ameshika sinia.

"Pole na sikio, Bwana. Sukari vijiko vingapi?"

"Viwili," Bwana Pettifer alisema. Alikunywa chai yote. Kisha akamwita Wagia, akazungumza naye kwa upole, na huo upole ndio uliomchoma Wagia kuliko yote. Alisema hawezi kumwandika marehemu mtu aliyemuuliza sukari vijiko vingapi.

"Siku ile ya kwanza hakurudi," Wagia alisema. "Alilala kaburini siku tisa. Siku tisa nzima alikuwa maiti kama maiti wenu. Nani alikuja kuuliza?"

"Mimi sikuwepo, mama."

"Hakuna aliyekuwepo. Kila ninayemuuliza hakuwepo. Ndege ilikuwepo, Jomen alikuwepo, nyinyi wote mlikuwa wapi?"

Hapo kwenye Mengineyo Bwana Pettifer aliandika kwamba wenyeji walimtunza vizuri. Akapanda boti saa tano, Jomen akambebea mkoba.

Safari hii ofisi haikuchelewa. Zilipita wiki sita, ikaja boti ya mwisho wa Agosti, ile ile ya kumchukua Elami, na ndani yake mlikuwa na jiwe. Lilikuwa la rangi ya kijivu, limepigwa msasa likang'aa, zuri kuliko jiwe lolote lililowahi kufika Kuzi. Ilihitajika wanaume wanane kulishusha. Lilichongwa kwamba mahali hapa Bwana A. Pettifer, akiwa kazini, alijeruhiwa sikio na adui. Liliambatana na barua iliyoagiza lifunuliwe kwa heshima zote za wenyeji, kwa nyimbo na ngoma, na kibali cha ngoma mpaka saa sita usiku kilikuwa ndani ya bahasha. Bwana Pettifer mwenyewe hangeweza kuja. Alikuwa amepewa likizo.

Kijiji kilimzunguka Aka Tabitha mbele ya jiwe. Bibi alilipapasa jiwe kwa muda mrefu, macho yake yalikuwa yameshafifia.

"Ngoma ilikuwa inangoja jiwe," alisema mwishowe. "Jiwe limekuja. Katika mila yetu sijasikia aliyesema lazima liwe la nani."

"Hapana," Wagia akasema. "Aka, nakuheshimu, lakini hapana. Nikalichezee ngoma sikio la mtu, na mume wangu hana hata kigingi?"

"Mama," Etta alisema. "Boti inaondoka Jumanne alfajiri."

Wagia alimtazama binti yake. Alikuwa amesuka nywele tayari. Wagia akaona kwamba akikataa hatakuwa amempa Jomen jiwe, atakuwa amemnyima Etta ngoma tu, na walioleta jiwe hawatajua hata kama amekataa. Hilo lilimuudhi kiasi kwamba alicheka, kicheko kibaya.

"Haya. Chimbeni tanuri," akasema.

Jumatatu walilifunika jiwe kwa vitambaa kama inavyopasa, wakabandika juu yake zawadi, wakazitoa moja moja wakiimba. Nguva alikaangwa, kasa akafukiwa kwenye mawe ya moto na viazi vyake. Kwa kuwa Asai ndiye aliyelizika sikio, zawadi za shemeji zikawa zake: mkeka, doti nne za kitambaa, mkungu wa ndizi na kisu. Kwa maziko mia tisa na themanini na kitu ya Jomen hakuwa amepata hata sindano, na mila haikuruhusu kuchanganya. Alikaa katikati ya zawadi zake amenuna, watu wakipita wakimpa hongera.

Kisha ngoma ikageuzwa ikawa ya arusi. Jomen alimshika binti yake mkono akamkabidhi. Wageni wa boti walidhani ni kaka yake, na mmoja akamuuliza Wagia kama yule kijana mchangamfu ni mwanawe wa pili. Wagia akasema ndiyo, kwa sababu alikuwa amechoka. Jomen alicheza kuliko wote, vumbi likapanda, watu wakampigia vigelegele. Yeye peke yake pale hakuwa na uchungu na mtu.

Jua lilipokuwa linazama alikuja na sahani yake, akaketi karibu na mkewe mbele ya jiwe. Alilisoma pole pole, kwa sauti, mpaka mwisho.

"Limetulia," alisema. "Sikio la watu. Tangu lizikwe halijatoka hata mara moja."

"Lina cheti."

"Jumanne nikilala pale nalisikia limelala. Halina wasiwasi kabisa." Alifuta mdomo. "Etta atakuwa sawa huko bara?"

"Atakuwa sawa. Ameolewa kwa ngoma."

"Wewe umezeeka, mama Etta," Jomen alisema kwa upendo, kama mtu aliyeligundua jambo hilo dakika ile. "Utakapokufa wewe, nani atakuwa ananipikia?"

Wagia alikuwa amelitafuta jibu la swali hilo miaka mingi, akiwa macho na akiwa usingizini. Alimtazama mumewe, bado kijana wa miaka thelathini na moja, na sahani yake tupu, akaichukua, akaijaza kasa na viazi mpaka pembeni, akamrudishia.

"Kula, ushibe," akamwambia. "Kesho Jumanne."